Ufundi wa Kujua na Kunyamaza

Mwanzoni mwa 1941, katika Vita vya Pili vya Dunia, vikosi vya jenerali Mwingereza Alan Cunningham vilitoka Garissa kuwakabili Waitaliano, vikakata nyika kavu kuelekea Mto Juba. Humo walikuwamo askari wa King's African Rifles, wa Gold Coast, wa Nigeria na wa Afrika Kusini. Kismayu ilianguka tarehe 14 Februari, Mogadishu tarehe 25. Ushujaa wao umesimuliwa. Wapo pia mafundi waliowasaidia bila kushika bunduki, nao wanastahili sifa.

Tangu Juni 1940 Waitaliano wa Afrika Mashariki walikuwa wametengwa na kwao, kwani Mfereji wa Suez ulikuwa mikononi mwa Waingereza. Ngome zao zilitapakaa kutoka Asmara hadi Kismayu, hivyo amri nyingi zilipita kwa simu ya upepo, na cha upepo hunaswa na yeyote mwenye mtambo. Kufikia mwisho wa mwaka huo, wafumbuaji siri wa Uingereza, katika kituo cha Bletchley Park na huko Cairo, walikuwa wakizisoma.

Ili kuficha amri, majeshi ya enzi hizo aghalabu yaligeuza maneno kuwa tarakimu kwa kitabu cha siri, kisha yakajumlisha juu yake tarakimu nyingine, yaani nyongeza, bila kubeba. Basi 38 na 45 huwa 73: 3 na 4 ni 7, 8 na 5 ni 13, kumi inatupwa, inabaki 3. Mfumbuaji hakuwa na kitabu wala nyongeza. Alikusanya ujumbe juu ya ujumbe, akitafuta jumbe mbili zilizofunikwa kwa nyongeza ileile. Akitoa mmoja kwa mwingine, nyongeza hufutika, na maneno yakaanza kuchungulia. Karani mmoja mvivu, aliyerudia ukurasa wa nyongeza, alitosha kumfungulia mlango.

Kusoma siri za adui kulikuwa nusu ya kazi; kumhadaa kulikuwa kugumu zaidi. Dudley Clarke, afisa wa Uingereza aliyekuwa Cairo, aliwaaminisha Waitaliano kwamba Somalia ya Waingereza ingeshambuliwa. Waliamini, lakini badala ya kuiimarisha wakaanza kuihama. Akajifunza kwamba la kupanga ni atakachotenda adui, si atakachoamini tu.

Kilele cha ufundi huu ni kunyamaza, maana adui akishuku tu hubadili kitabu. Waliojua walikuwa wachache, na umma haukuelezwa habari hizo kwa mapana hadi 1974. Askari wengi waliopita Garissa walikufa bila kujua nani aliwatangulia. Walimu wa hesabu wa Garissa na wawasimulie wanafunzi wao: kujumlisha na kutoa, kukifanywa kwa subira, kulisaidia kufungua njia ya Kismayu.