Lutindi: tiba iliyojengwa kwa wasio na ndugu

Hospitali ya magonjwa ya akili ya Lutindi, juu kwenye milima ya Usambara wilayani Korogwe, haikuanza kama hospitali. Mwaka 1896 wamisionari Wajerumani waliifungua iwe makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Muongo haujaisha, makao yakageuzwa kuwa mahali pa kutunzia wagonjwa wa akili, pa kwanza katika koloni lote la Wajerumani Afrika Mashariki. Hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma, ilifuata mwaka 1927.

Anayetaka kuielewa tiba ya Lutindi aanze na wale watoto. Mtoto aliyetekwa hana mjomba wa kumkimbilia wala shangazi wa kumsemea. Haja yake ya kwanza ni watu wa kuishi nao. Nao walezi wake walikuwa na uzoefu wa kuishi na wale wanaowatunza. Misheni yao ilifungamana na Bethel, makazi ya wagonjwa wa kifafa karibu na Bielefeld, Ujerumani, yaliyoanza mwaka 1867 na kuongozwa na mchungaji Friedrich von Bodelschwingh tangu 1872. Huko mashemasi waliishi na wagonjwa kama baba na mama wa nyumba, wakafanya kazi nao na kusali nao. Huruma yao ilikuwa utaratibu wa siku nzima. Utaratibu huo ndio uliopandishwa Usambara.

Tukumbuke pia walichokosa. Klopromazini, dawa ya kutuliza ugonjwa wa akili, iliingia wodini Paris mwaka 1952. Kwa nusu karne na zaidi Lutindi haikuwa na sindano ya mwezi wala vidonge vya kunyamazisha sauti kichwani. Ilikuwa na chakula kwa saa zake, usingizi, jembe, na mtu wa kuzungumza naye.

Hilo la jembe ndilo ninaloliheshimu zaidi, na hadi leo kazi za mikono zimo katika tiba ya pale. Mtu anayeamini kwamba anaandamwa haketi akahojiwa uso kwa uso, kwa sababu macho ya anayemhoji tayari ni tishio. Simama ubavuni mwake, nyote mnapalilia, naye ataanza na neno moja kuhusu magugu, kisha jingine kuhusu mama yake. Kazi inampa ruhusa ya kunyamaza bila kuonekana mkaidi. Ila kazi hiyohiyo, chini ya serikali ya kikoloni iliyowalazimisha watu kulima mashamba ya wengine, ingeweza kuwa adhabu. Kipimo ni chepesi: je, mgonjwa akisema leo siwezi, atakula?

Ugumu uko kwingine. Nyumba iliyobuniwa kwa wasio na ndugu ilianza kupokea watu wenye ndugu tele. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyefanya utafiti wake kwa Washambaa, ameeleza jinsi uamuzi wa tiba unavyokuwa mikononi mwa jamaa: ndio wanaoujadili ugonjwa, wanaochagua mganga au hospitali, wanaotoa fedha, na wanaoamua lini waache. Kwa Wazigua wa Handeni nako, mgonjwa haendi kwa mganga peke yake. Ramli huuliza nani kagombana na nani, kwa hiyo ukoo wote unakuwa kwenye matibabu.

Mlezi anayechukua nafasi ya baba alimfaa mtoto aliyekombolewa. Kwa kijana wa Handeni mwenye ndugu, mlezi huyo anaweza kuwa kizuizi kati yake na jamaa zake bila kukusudia. Kutoka Handeni hadi Korogwe ni kama kilometa 65, kisha kuna kupanda mlima, na nauli ya mara mbili ni sawa na bei ya mbegu za shamba. Jamaa wakishindwa kuja, mgonjwa anapona mbele ya wageni huku nyumbani wakibaki na picha ya siku alipofungwa kamba ili aletwe hospitali.

Mnasihi mwenye huruma hapa hukabiliwa na jambo gumu kuliko kusikiliza. Anapaswa kutunza siri za mgonjwa na papo hapo kuwaingiza walioamua aletwe. Mimi ningemtaka amuulize mgonjwa, mapema, nani kati ya jamaa zake ajue nini, kisha amwite huyo kabla ya siku ya kuruhusiwa. Wakae watatu na kupanga: nani atashika vidonge, nani atampeleka kwenye sindano, nini kitafanyika wakati wa kulima, na jamaa wakitaka kwenda kwa mganga, dawa ya hospitali isiachwe nyumbani.