Nani Asema, Mbele ya Nani? Majadiliano ya Vikundi Lengwa na Adabu ya Usemi katika Gusii

1.0 Utangulizi

Majadiliano ya vikundi lengwa ni miongoni mwa mbinu zinazotumiwa sana katika utafiti wa kimaelezo nchini Kenya. Watu wachache huketi pamoja, mwelekezi huuliza maswali, mazungumzo hurekodiwa, kisha hunukuliwa kwa maandishi. Maandishi hayo aghalabu huachiwa wanasosholojia na wataalamu wa afya. Makala haya yanashikilia kwamba hayo ni matini simulizi, na kwamba hayafasiriki pasipo kuzingatia hadhira yake. Mfano unaochunguzwa ni wa Abagusii wa Kisii na Nyamira, ambao kanuni za nani aweza kusema nini mbele ya nani zilikuwapo kabla mtafiti hajafika.

2.0 Chimbuko la Mbinu

Asili ya mbinu hii huhusishwa na New York, ambako mnamo 1941 Robert Merton alialikwa na Paul Lazarsfeld kushuhudia wasikilizaji wa redio wakihojiwa kwa pamoja. Mwaka 1946 Merton na Patricia Kendall walichapisha makala iliyofafanua mahojiano ya namna hiyo. Baadaye watafiti wa soko waliipokea mbinu, wakapendelea washiriki wasiojuana ili kila mmoja aseme bila soni. Mnamo 1994, Jenny Kitzinger alilalamika kwamba ripoti nyingi za vikundi hazionyeshi washiriki wakizungumza wao kwa wao. Lalamiko hilo lina uzito wa pekee kwa mhakiki wa fasihi. Tangu Ruth Finnegan (1970) hadi Isidore Okpewho (1992), imesisitizwa kuwa ngano iliyong'olewa katika utendaji wake hubaki mifupa mitupu. Ripoti ya kikundi inayonukuu sentensi moja na kuiandikia "mwanamke, Nyamira" imefanya ung'oaji huohuo.

3.0 Chinsoni na Muundo wa Kikundi

Philip Mayer na Iona Mayer, na baadaye Robert LeVine aliyefanya utafiti Nyansongo katika miaka ya 1950, walieleza kwa kirefu adabu iitwayo chinsoni. Adabu hii hutawala mahusiano ya vizazi viwili vinavyofuatana. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, na mambo ya unyumba hayatajwi mbele ya mzazi wala mbele ya mtoto. Kinyume chake, babu na mjukuu, au bibi na mjukuu, wana uhuru wa kutaniana hata kwa maneno mazito.

Hapa ndipo kanuni za vitabu vya mbinu zinapokwama. Vitabu hivyo huagiza kwamba washiriki walingane kwa umri na jinsia. Lakini katika Gusii kizazi hakipimwi kwa miaka. Ndugu wote wa ukoo walio katika kizazi cha baba ni baba. Wanaume wawili wa miaka thelathini, majirani wa mlima mmoja, waweza kuwa baba na mwana. Mwelekezi anaona marika, ilhali wao wanaona chinsoni. Vivyo hivyo kwa wanawake. Kwa kuwa mke hutoka ukoo mwingine na kuhamia kwa mumewe, kikundi cha "akina mama wa kijiji" hukutanisha wakaza-mwana na mama wakwe. Kimya kinachotokea hapo si ukosefu wa maoni. Ni maana, na yapaswa kusomwa.

4.0 Kauli ya Hadharani na Tendo la Faraghani

Suala la ukeketaji ladhihirisha hatari iliyopo. Uchunguzi wa kitaifa wa demografia na afya wa 2014 ulionyesha kuwa 84% ya wanawake Wakisii wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Sheria ya 2011 ilikuwa imekwisha kuharamisha tendo hilo, na pia kumtia hatiani anayejua kwamba limetendeka asitoe habari. Kwa hiyo, anayesimulia kikundini kisa cha nyumbani kwake anajifichua, na papo hapo anawatwisha wasikilizaji wake wajibu wa kushtaki. Si ajabu iwapo kikundi kitaafikiana kwamba "mambo hayo yalikwisha". Mtafiti anayechukua maafikiano hayo kuwa ushahidi wa mabadiliko amechanganya kauli ya hadharani na tendo la faraghani, na wanaolipia kosa hilo ni wasichana.

5.0 Alama za Nukuu

Tatizo halikomei kwenye kikao. Kama Kiswahili, Ekegusii hakitofautishi jinsia katika viambishi vya nafsi ya tatu. Msemaji aweza kumtaja mtu bila kufichua kama ni mume au mke. Tafsiri ya Kiingereza humlazimisha mfasiri kuchagua, na sitara ya msemaji huvuliwa.

Kitabu cha Margrethe Silberschmidt kuhusu wilaya ya Kisii ya wakati huo, Women Forget that Men are the Masters (1999), kina hoja nzito: kuporomoka kwa nafasi ya kiuchumi ya wanaume kumezidisha uhasama wa kijinsia. Hata hivyo, sehemu hiyo ya anwani yake, isemayo kwamba wanawake husahau kuwa wanaume ndio mabwana, imewekwa ndani ya alama za nukuu. Mwanamume akiyasema maneno hayo mbele ya wenzake, ni majigambo au ni kilio. Akiyasema mbele ya mkewe, ni tishio. Akiyasema mbele ya bibi yake, huenda ni utani. Alama za nukuu pekee hazitufikishi kwenye maana.

6.0 Hitimisho

Haikusudiwi hapa kuibeza mbinu. Kikundi hufichua jambo ambalo mahojiano ya mtu mmoja hayawezi kulifichua, yaani jinsi jamii inavyokubaliana kuhusu lisemekalo. Linalodaiwa ni usomaji ulio bora. Uhusiano wa ukoo uulizwe kabla ya umri. Vikundi vya bibi na wajukuu vijaribiwe, mradi ridhaa yao ipatikane. Mazungumzo yachapishwe kwa vipande virefu, Ekegusii kikitangulia, na kicheko na kimya vioneshwe. La sivyo, ripoti itaendelea kutuletea sauti, na wenye sauti watabaki nje ya ukurasa.