Maji ya Maruhubi

Mwendo wa kilomita nne hivi kaskazini ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, kando ya barabara iendayo Bububu, yapo magofu ya kasri la Maruhubi. Mgeni afikapo huona kwanza safu za nguzo nene za mawe zisizobeba kitu. Zamani nguzo hizo zilibeba roshani pana, nayo iliteketea pamoja na kasri kwa moto wa mwaka 1899. Yaliyosalia ni yale ambayo moto haukuweza kuyala: nguzo zenyewe, hamamu, mfereji wa mawe ulioinuliwa juu ya ardhi, na mabirika ambayo sasa yameota mayungiyungi. Kwa hiyo mtu atakaye kuihakiki Maruhubi leo hana budi kuihakiki kwa maji yake.

Kasri hilo lilijengwa kati ya mwaka 1880 na 1882 kwa amri ya Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja tangu 1870 hadi 1888. Lilikusudiwa kuwa makao ya masuria wake, mbali na kelele za mji. Tukiitazama kazi hiyo kwa jicho la sanaa tu, yastahili sifa. Maji hayaendi kwa amri ya mfalme; huenda kwa mteremko. Ilimpasa fundi kuujua mteremko huo, kuyapitisha maji mferejini, kuyafikisha kwenye hamamu yenye umbo lililotoka Uajemi, na kuyatuliza katika mabirika ya bustani ili yaburudishe macho na kupoza hewa. Umbo ni la kigeni, lakini mawe na chokaa ni vya pwani yetu. Hapo pana fundisho la kwanza: utamaduni wa visiwa hivi umezoea kupokea na kugeuza kilichopokewa kiwe cha hapa.

Lakini sanaa haisimami peke yake. Simulizi wanazopewa wageni husema kwamba humo waliishi mke mmoja na masuria tisini na tisa. Wasikilizaji hucheka, huihesabu idadi, kisha hupiga picha. Simulizi hiyo ina kasoro kubwa: inatupa hesabu badala ya maana. Suria hakuwa mgeni wa bustani. Kisheria alikuwa mtumwa. Hata amri ya mwaka 1897 iliyofuta hadhi ya utumwa Unguja na Pemba iliwaacha masuria nje. Ikabidi wangoje mpaka mwaka 1909. Mwanafunzi akilijua jambo hili, ataliona birika lile kwa macho mengine. Ukuta uliozuia macho ya wapita njia ulizuia pia miguu ya waliokuwamo ndani.

Tunayo bahati ya kuwa na sauti moja kutoka ndani ya maisha ya namna hiyo. Pwani iyo hiyo, Mtoni, lilikuwako kasri la Sayyid Said, baba yake Barghash, na humo ndimo alimozaliwa Salme binti Said mwaka 1844. Kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Anatueleza ua wenye paa na tausi, hamamu zilizojaa watu, na mazungumzo ya wanawake. Thamani ya kitabu hicho haina shaka, maana mwandishi anayajua anayoyasema. Hata hivyo, yeye ni binti wa mwenye nyumba. Watumwa wamo katika kurasa zake, lakini hawasemi. Na afikapo kwenye suala la utumwa wenyewe, huutetea. Yatupasa tumsome kwa shukrani na kwa hadhari, kama tunavyoyasoma magofu yenyewe.

Haki yataka tuseme pia upande wa pili. Barghash huyohuyo ndiye aliyeyaleta mjini kwa mabomba maji safi ya chemchemi, wakazi wakapata kunywa na kupikia. Basi tunazo kazi mbili za mtawala mmoja, zote za maji. Moja iliyafungia maji ndani ya ukuta kwa starehe ya nyumba moja. Nyingine iliyapeleka kwa umma. Ile ya kwanza ndiyo inayopigwa picha. Ile ya pili haizungumzwi sana, kwa sababu bomba halina uzuri. Mhakiki wa utamaduni asiyeziweka kazi hizi mbili katika mizani moja hajaifanya kazi yake.

Wako wasemao kwamba magofu ya masultani si yetu, na yaachwe yaanguke. Wako wengine wanaotaka tuyasifu tu, tusiulize. Wote wawili wamekosea. Aliyevunja jiwe, aliyechoma chokaa na aliyeteka maji naye ameacha alama yake Maruhubi, ingawa jina lake halikuandikwa popote. Kuliacha gofu lipotee ni kumfuta mara ya pili, na kulisifu bila kuuliza ni kumsaliti.

Kwa hiyo mwalimu awapelekapo wanafunzi huko, asianze na hadithi ya masuria. Na awapeleke kwanza kwenye mfereji, waufuate mpaka hamamuni, kisha mpaka kwenye mabirika, na katika kila hatua wajiulize: nani alijenga, nani alioga, nani alitazama tu? Wakirudi darasani na waandike majibu yao. Mayungiyungi yameyafunika mabirika yale kwa maua mazuri, na si vibaya kuyapenda. Ila mwanafunzi aliyefundishwa vema atajua pia kuna nini chini ya maua hayo.