Zakaria Alikosa Benchi: Mlevi na Hadhira Yake

Wengi wetu tunapomhakiki Zakaria wa Rosa Mistika (1971), riwaya ya E. Kezilahabi, huwa tunamaliza kazi mapema. Tunaandika "mlevi, mkatili, baba asiyewajibika," kisha tunageukia kwa Rosa. Hata mimi niliandika hivyo mwaka wa kwanza, na alama nikapata. Makala haya yanakusudia kuuliza swali tuliloliruka: je, mlevi huyu aliwahi kupata mtu wa kumsikiliza?

Zakaria aliwahi kuwa mwalimu. Anakunywa, anampiga mkewe Regina, anampiga na Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Mtunzi hamwonei huruma ya bure, na hapo ana haki. Maumivu ya Regina si ya kufunikwa. Lakini tazama anakoishia Zakaria: baba na binti wanasimama mbele ya Mungu kujibu mashtaka. Yaani mlevi anapewa mahakama, tena keshakufa!

Si Kezilahabi peke yake. Zola wa Ufaransa, katika L'Assommoir (1877), anamshusha Coupeau, fundi wa mapaa, hadi anafia hospitalini akiwa amerukwa na akili kwa pombe. Fasihi inajua sana kumzamisha mlevi. Kumtoa majini, bado.

Sasa twende Karatu, kwetu. Kwa Wairaqw, buura, yaani pombe, haikuwa kinywaji tu. Wazee walipoketi kuinywa ndipo slufay ilipotolewa: mmoja anatamka maneno ya baraka, waliobaki wanaitikia. Chungu na neno vilikaa pamoja. Siku hizi kuna gongo pia. Viroba vilipigwa marufuku mwaka 2017, lakini gongo haingoji kiwanda.

Mjomba wangu alikuwa mlevi wa kupindukia. Mara ya kwanza aliacha miezi miwili, akarudi kilabuni. Nikamwuliza, "Mjomba, ulifuata nini kule?" Akanijibu, "Watu, mjomba. Pombe ningeivumilia." Hapo ndipo nilipoelewa kwamba anayeacha pombe anaacha na hadhira yake.

Mara ya pili alipata kikundi cha walevi wanaosaidiana. Asili ya vikundi hivi ni Alcoholics Anonymous, chama kilichoanzia Akron, Marekani, mwaka 1935, pale Bill Wilson na Daktari Bob Smith, walevi wote wawili, walipogundua kwamba mlevi humsikiliza mlevi mwenzake. Hakuna ada, majina kamili hayatajwi, na hatua ni 12. Hatua hizohizo zimetumika Zanzibar katika soba hausi, tangu 2009, kwa waliotekwa na dawa za kulevya.

Hebu tuutazame ushuhuda wa kikundi kwa jicho la fasihi simulizi. Msimulizi anataja jina lake la kwanza, anakiri kuwa ni mlevi, wenzake wanamwitikia kwa salamu. Kisha anaeleza alivyokuwa, kilichotokea, na alivyo sasa. Hakatizwi. Akimaliza, fanani anarudi kuwa hadhira na mwingine anashika zamu. Fomula ipo, kiitikio kipo, tukio lipo. Kwa maoni yangu, hili ni benchi lilelile la wazee wa Karatu, ila chungu kimeondolewa.

Mwenzangu mmoja darasani alinipinga. Ati visa hivyo vyote vinafanana, ni vya kukariri, na vinaficha umaskini unaowasukuma watu kilabuni. Hoja yake ina uzito. Yupo mama anayesomesha watoto kwa pombe anayopika, na kikundi hakimpi mtaji mwingine. Lakini kufanana kwa visa si udhaifu. Mtu anayefika siku ya kwanza huku mikono inatetemeka anahitaji kukisikia kisa chake kinywani mwa mwingine. Upya si shida yake.

Na Regina je? Tusimsahau tena. Hatua ya 8 inamtaka mlevi awaorodheshe aliowadhuru, na ya 9 inamtaka awafidie kila inapowezekana bila kuwaumiza zaidi. Mke wa mjomba yumo katika orodha hiyo. Hajamsamehe yote, na wala hakuna hatua inayomlazimisha. Lakini sasa akizungumza, anasikilizwa na mtu mwenye akili timamu.

Tukihitimisha, hatuwezi kumdai marehemu Kezilahabi, aliyefariki mwaka 2020, sura nyingine. Riwaya yake ilitimiza kazi yake. Tunaodaiwa ni sisi: watunzi, watuandikie mlevi anayerudi nyumbani akiwa na deni mkononi, wahakiki, tusikubali neno "mlevi" liwe mwisho wa uchambuzi. Jumamosi iliyopita mjomba alipanda basi kwenda kikaoni. Alikuwa na zamu ya kusikiliza.