Sindano Nyembamba ya Shingoni

Mtu wa Madale akiota uvimbe shingoni, ushauri wa majirani humfikia kabla hajapanda daladala kwenda hospitali ya Muhimbili: usikubali sindano, uvimbe ukiguswa na chuma husambaa. Wanausema kwa huruma, na unamkimbiza mgonjwa mbali na ufundi ninaouhusudu kuliko upasuaji wenyewe.

Hutangulia damu. Kipimo cha TSH huonyesha pituitari, tezi iliyo chini ya ubongo, inaihimiza tezi ya shingo (thairoidi), ambamo uvimbe huu huota, kwa nguvu kiasi gani. TSH ikiwa chini, huenda uvimbe wenyewe unamwaga homoni bila kuagizwa, na uvimbe wa namna hiyo ni nadra kuwa saratani. Picha ya nyuklia ikithibitisha hivyo, sindano huachwa. Vinginevyo ultrasaundi huamua kama kuna cha kuchoma. (Homoni kuwa sawa hakumwondolei mtu saratani, ingawa wengi hufurahi mapema.)

Sindano ni nyembamba kuliko ya kutolea damu. Mgonjwa hulazwa, mto chini ya mabega, huambiwa asimeze mate. Daktari huichezesha ndani ya uvimbe sekunde chache, basi. Tezi hii imejaa damu. Ukikawia, unatoka na damu tupu, seli zimezama humo. Mkono mzoefu hujulikana kwa kuchomoa mapema. Tone hutandazwa kwenye kioo: ukikandamiza, seli hupasuka. Kioo kimoja hutiwa haraka kwenye spiriti, kingine hukaushwa kwa hewa na kupakwa Giemsa, rangi ileile inayofichua malaria.

Kwenye darubini, kwa kawaida hutakiwa vikundi sita vya seli, kila kimoja kisipungue seli kumi. Pungufu ya hapo, jibu ni kwamba sampuli haitoshi. Mfumo wa Bethesda, uliotokana na mkutano wa 2007 nchini Marekani, umelipa jibu hilo daraja la kwanza kati ya sita. Wagonjwa hulichukia, maana ni nauli nyingine. Mimi nampenda mpatholojia anayethubutu kuliandika.

Kuna uvimbe wa folikula ambao sindano haiwezi kuuhukumu. Usaratani wake hujulikana kwa seli kupenya ganda linalouzunguka, nayo sindano huleta seli bila ganda. Saratani hiyo huchukua sehemu kubwa zaidi panapokosekana madini joto, kama ilivyokuwa Nyanda za Juu Kusini kabla chumvi haijaanza kutiwa madini hayo. Mpatholojia huandika daraja la nne, na mara nyingi nusu ya tezi huondolewa ili ganda likatwe na kusomwa.