Kutoka Jina la Nchi hadi Kivumishi: Athari ya Kusadikika katika Usemi wa Umma

Ahadi isiyoaminika, iwe imetolewa Moshi mjini au katika soko la Kiboriloni, huambiwa ni ya "nchi ya kusadikika". Msemaji wake huenda hajaisoma riwaya ya Shaaban Robert iliyochapishwa mwaka 1951. Hiyo ndiyo athari kubwa ya riwaya hii ya kidistopia katika utamaduni wa umma: jina limetoka kitabuni, limepoteza herufi kubwa, na limekuwa kivumishi cha a-unganifu chenye maana ya "kisichokuwapo".

Kimofolojia, mabadiliko hayo yanashangaza. Kitenzi sadiki kikipachikwa kiambishi cha kutendeka -ik- huleta maana ya kuweza kuaminiwa. Matumizi ya leo yamekigeuza kuwa kinyume chake. Lawama si ya wasemaji peke yao, kwani mwanzo wa riwaya wenyewe unaiweka nchi hiyo angani na kuikabidhi kwa mawazo ya msomaji. Usemi wa mitaani umeshika mwanzo huo na kuiacha kesi ya Karama, ambayo ndiyo riwaya hasa. Karama anashtakiwa kwa kutaka elimu ya sheria ifundishwe, naye anajitetea kwa visa vya wajumbe sita waliotumwa pande sita, mbinguni na ardhini zikiwamo, wakarudi na maarifa, wakatiwa gerezani.

Msomaji wa Moshi anayekiona Kibo kikielea juu ya mawingu anaweza kushawishika kwamba Kusadikika ni kule. Usomaji huo unapendeza, lakini unairudisha nchi angani. Afadhali atazame magharibi, ng'ambo ya tambarare, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Mnamo Novemba 1951 ndipo Wameru wapatao 3,000 walipoanza kuondolewa Ngare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Mwaka 1952 walimtuma Kirilo Japhet kuwasemea Umoja wa Mataifa, New York, akiwa pamoja na Earle Seaton, wakili aliyefanya kazi Moshi. Mjumbe na mwanasheria: nguzo mbili za kesi ya Karama. Haidaiwi hapa kwamba tukio lilizaa riwaya, wala riwaya tukio. Tarehe zenyewe hazikubali. Linalodaiwa ni kwamba mwaka ule kiambishi -ik- kilikuwa bado na maana yake kamili.

Tofauti iko kwenye hukumu. Karama anaachiwa, wajumbe wanafunguliwa, na sheria inapata wanafunzi. Azimio la kuwaunga mkono Wameru lilipita katika kamati, lakini katika Baraza Kuu halikupata theluthi mbili za kura. Kwa hiyo, kama ipo sehemu ya riwaya inayostahili kuitwa ya kusadikika kwa maana ya leo ya mitaani, si gereza wala mashtaka, bali ni ule mwisho mwema.