"Maji Safi" ya Mto Sanje

Mwanafunzi wa jiografia apelekwaye kuchunguza mto Sanje, utokao milima ya Udzungwa kuelekea bonde la Kilombero, huyaona maji yaking'aa hata mchanga wa chini waonekana, naye huandika: "Maji ni safi." Hakukosea, sisi wa istilahi ndio tuliomkosesha. Neno hilo tumelibebesha maana tatu: yasiyo na tope, yasiyodhuru, na yaletwayo kwa bomba, ndiyo "majisafi" ya majina ya mamlaka zetu. Vijidudu vya kipindupindu havionekani kwa macho. Twapendekeza "maji maangavu" kwa yaonekanayo hivyo, na "maji salama" kwa yaliyothibitika kwa vipimo. "Ubora wa maji" nao husifu kabla ya kupima. "Hali ya maji" ingetosha.